Mlango wa Msiba

Zamani, pesa ilipokuwa haina rangi, mwizi alikuwa na raha zake. Leo anaiba, kesho ananunua gari, Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani, na shilingi iliyotoka mfukoni mwako inapita mbele ya macho yako bila wewe kuitambua. Kwa hiyo Benki ya Mhimili ilipoanguka na akiba za nusu ya nchi, na Serikali ikatangaza kuiokoa kwa kodi za hao hao walioangukiwa, watu walisema sawa, iokoeni, ila safari hii tunataka kuona hiyo pesa inakwenda wapi. Ndipo fungu la uokozi likapakwa rangi ya zambarau.

Aliyelipaka ni Persida Chilongola, mhandisi mkuu wa Mamlaka ya Rangi pale Mtumba, Dodoma, mwanamke mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Noti zilikuwa zimebaki hadithi za mabibi. Kila mtu mzima alivaa bangili ya malipo, na Persida aliifundisha bangili kuitambua pesa ya uokozi. Ukilipwa kwa pesa hiyo, bangili inawaka zambarau mwezi mzima, upende usipende, na shati la mikono mirefu halisaidii kitu. Kwenye ramani ya Mamlaka, ambayo hata mtoto wa shule aliweza kuifungua, ulionekana mkono uliotoa na mkono uliopokea. Rangi ilitakata mahali pawili tu. Kwanza ni mkononi mwa mkulima au mfanyabiashara aliyekopeshwa, kwa kuwa huko ndiko pesa ilikotumwa. Pili ni msibani.

Hilo la msibani lilikuja baadaye. Wiki za mwanzo kabisa, huko Chamwino, mjane mmoja alitumiwa rambirambi na kaka yake aliyekuwa karani wa Mhimili. Bangili yake ikawaka zambarau kaburini, mbele ya watu wote. Waombolezaji wakaweka chini majembe, wakaondoka mmoja mmoja, wakamwacha afukie kaburi la mumewe yeye na wanawe. Persida alipoona picha ile hakula chakula siku hiyo. Akaandika kanuni mpya: pesa inayotolewa kwa mfiwa, kwa msiba uliosajiliwa, inapoteza rangi papo hapo, na hakuna jicho, hata la Mamlaka, litakaloona nani alitoa nini. Bungeni kanuni hiyo ilipigiwa makofi na pande zote mbili, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Watu wakaiita Mlango wa Msiba. Persida, tuseme ukweli, alijivunia.

Sasa mwaka ulikuwa umepita, na watu walikuwa wamejaa nje ya geti la Mamlaka tangu asubuhi. Walipiga sufuria kwa miiko, wakiuliza swali moja tu: zambarau iko wapi? Kwenye ramani, ukiacha mishahara midogo ya makarani na walinzi, haikuwepo. Waziri alisimama kwenye vyombo vya habari akasema kutokuwepo kwake ndio uthibitisho kwamba imewafikia wakulima wote ikatakata. Wakulima wa zabibu wa Dodoma na wa alizeti wa Singida wakatazamana, kila mmoja akidhani labda ni mwenzake aliyepata. Na saa kumi jioni ile ile, Bunge lilikuwa linapiga kura kuipa Mhimili fungu la pili.

Hasira ya watu ilikuwa imekwisha kuota mikono. Juzi yake, sokoni Majengo, mlinzi mmoja wa Mhimili alikwenda kununua mchicha, bangili yake ikiwaka kwa sababu ya mshahara. Mshahara wenyewe haukutosha hata kodi ya chumba. Walimpiga mpaka jicho moja likapotea. Waliompiga hawakuwa majambazi. Walikuwa wauza nyanya na mafundi cherehani, watu walioweka Mhimili ada za watoto wao, na ukiwauliza mmoja mmoja wangekuambia hawajui ilikuwaje.

Persida alikuwa amejifungia na ramani. Alikuwa ameacha kuitafuta zambarau; aliitafuta pesa safi, ile inayoibuka pasipo na sababu ya kuibuka. Aliiona kwenye turubai. Katika mwaka mmoja, familia zenye misiba zilikuwa zimeilipa kampuni moja, Kivuli Safi, kodi ya turubai na viti kiasi kwamba, kama turubai hizo zingekuwepo kweli, mkoa mzima wa Dodoma ungekaa kivulini na jua likaomba kazi kwingine. Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa ameuona mchezo wote. Wakubwa wa benki walikuwa wanatuma rambirambi nono kwa wafiwa maskini. Rangi ilitakata mlangoni. Kisha wafiwa walilipa bili ya turubai, na pesa ikarudi kwa wakubwa ikiwa nyeupe pepe.

Misiba yenyewe ilionekana kama vidoti kwenye ramani, kupita elfu moja. Kila kidoti ni marehemu, na kila marehemu ana mjane au mzee au yatima aliyepokea. Persida alianza kuvigusa kimoja kimoja, Bahi, Kongwa, Manyoni. Alipogusa cha Mpwapwa likatokea jina la marehemu Mwalimu Ezera Chilongola. Baba yake.

Alikaa akilitazama jina lile. Msiba ule alikuwepo. Turubai zilikuwa mbili, za kanisa, moja ina tobo, na yeye mwenyewe alihamisha kiti ili jua lisimpige shangazi. Kidoti kilisema familia ililipa turubai milioni thelathini na sita.

*

Dakta Kiondo, mkurugenzi mkuu wa Mamlaka, alikuwa mtu mwema wa aina ile inayoumwa tumbo penye maamuzi. Persida alipoingia ofisini kwake alimkuta na mgeni. Alikuwa Bwana Severini Mbunda, mtendaji mkuu wa Mhimili, amekunja nne, anakunywa chai ya Mamlaka. Alikuwa amekuja kuomba ulinzi wa kufika bungeni. Kiondo akamwomba Persida aseme alichonacho mbele ya mgeni, kwa sababu, alisema, hakuna siri kati ya taasisi za umma. Persida akasema.

Kiondo alifuta uso kwa leso. Akakumbusha, kana kwamba Persida hakuiandika mwenyewe, kwamba kanuni iliacha njia mbili tu za kuufungua Mlango wa Msiba. Ya kwanza ni ufunguo wa mhandisi mkuu, na huo hauchagui: unafungua misiba yote kwa mpigo, na rangi inarudi kwenye kila mkono iliyopitia. Ya pili ni mfiwa mwenyewe kuomba mlango wake ufunguliwe, na hakuna mfiwa aliyewahi kuomba, maana nani ataomba kuvuliwa nguo hadharani.

Mbunda aliweka kikombe chini taratibu.

"Fungua yote, Mhandisi," alisema. "Nani amekukataza? Rangi itarudi kwangu, ni kweli. Mimi nina ukuta, nina walinzi, nina wakili. Lakini itarudi pia kwa wajane elfu moja na zaidi, na wao wana mlango wa bati. Hao watu wa nje watamfikia nani kwanza?"

Kutoka getini sauti za sufuria ziliendelea kupanda.

"Na mmoja wao namfahamu kwa jina," Mbunda akaongeza, bila kupandisha sauti. "Nilituma pole zangu Mpwapwa. Mzee wako alikuwa mtu wa heshima."

Persida alitamani kumwagia ile chai. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa amesema kweli tupu. Mlango aliouweka kuwakinga wafiwa, wakubwa wale walikuwa wamewapanga wafiwa hao hao mbele yake kama magunia ya mchanga. Akiufungua, watapigwa wao. Akiuacha umefungwa, saa kumi fungu la pili linatoka, linapita njia ile ile, na misiba ya kupitia haitakwisha, kwa sababu watu hawaachi kufa.

Kiondo alimfuata ukumbini akamnong'oneza kwamba yeye hawezi kumwamuru lolote. Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi.

*

Alisimama dirishani ghorofa ya kwanza akiwatazama watu. Vumbi la Dodoma lilikuwa linawapanda mpaka magotini. Mbele kabisa, karibu na geti, walikuwa wanawake wenye kanga za kwaya, na katikati yao mmoja mfupi aliyekuwa anapiga sufuria kwa mwiko kwa nguvu zake zote. Persida aliijua ile sufuria kabla hajaujua uso. Mama yake alikuwa ametoka Mpwapwa na wenzake kuja kuuliza zambarau iko wapi.

Alishuka ngazi mbili mbili. Alimwomba askari wa geti amwite yule mama, akampeleka kwenye kibanda cha walinzi ambako palikuwa na kiti kimoja. Akamwamkia, akaitikiwa, kisha akashindwa pa kuanzia. Mama yake, Eunike, alimtazama kidogo tu akaelewa. Aliweka sufuria chini.

"Umeona," alisema.

"Nimeona turubai, mama."

Mama alikaa kwenye kile kiti. Hakulia. Alizungumza akitazama sakafu, kama mtu anayehesabu punje za mahindi zilizomwagika.

"Walikataa kumtoa baba yako mochwari mpaka deni la hospitali liishe. Akiba yetu iko Mhimili. Mshahara wako uko Mhimili, wa mdogo wako pia. Zote zimefungwa. Akaja kijana na suti nyeusi, adabu tele, akanipa pole mpaka nikalia upya. Akasema ni rambirambi ya wafanyakazi wa benki, milioni arobaini, ila nyingi ni ya turubai, wao wenyewe wanazilipia kupitia kwangu. Mimi nibaki na ya hospitali. Nilijua, mwanangu. Nani analeta milioni arobaini kwa mwalimu wa kwaya? Nilijua, nikabonyeza."

"Mlituambia kanisa ndilo lililolipa hospitali."

"Niliwaambia mimi. Kanisa lingepata wapi?"

"Ungeniambia mimi, mama."

"Ungenikataza. Na baba yako angekuwa bado yuko kwenye friji."

Persida alihisi hasira na huruma zikimpanda pamoja, na hasira ikawahi kufika mdomoni. Akamuuliza, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mzazi wake, kama hakuona haya kusimama pale nje kupiga sufuria na kuuliza zambarau iko wapi, wakati ilipita mkononi mwake.

"Wameniibia akiba ya miaka thelathini," mama yake alisema. "Kuwa na dhambi kunanizuia kudai changu?"

Persida alichuchumaa mbele ya kiti. Alimweleza yaliyosemwa juu, yote, pamoja na njia ile ya pili ambayo hakuna aliyewahi kuipita. Alimweleza pia habari za mlinzi wa Majengo, ili asije akasema hakuambiwa. Kisha akamsihi aingie ndani ya jengo, apite mlango wa nyuma, gari la Mamlaka limrudishe Mpwapwa. Mengine wangeyaangalia baadaye.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu, kama mlango wake ukifunguliwa litaonekana na jina la aliyeleta. Persida akasema litaonekana, na la aliyepokea kodi ya turubai pia.

"Siku ya kuanua matanga nilisimama nikasoma mapato na matumizi," alisema mama. "Unakumbuka. Nilisoma mpaka kilo moja ya sukari ya mama Loida. Jina lile sikulisoma. Watu wakaulizwa kama wameridhika, wakasema wameridhika, nami nikakaa chini na uongo wangu. Mwezi mzima sikuweza kuimba alto."

Akainuka, akaichukua sufuria yake, akaona haina kazi tena, akaiacha juu ya kiti.

"Mama, watakupiga."

"Labda. Wewe bonyeza nitakapoinua mkono. Usibonyeze kabla, maana sitakuwa nimemaliza kusoma."

*

Pembeni mwa geti palikuwa na ukingo wa bustani ambamo Mamlaka ilipanda maua yasiyoota. Eunike alipanda juu ya ukingo ule akishikwa mkono na wenzake wa kwaya, ambao walidhani anataka kuanzisha wimbo. Persida alisimama hatua chache nyuma yake, kishikwambi cha kazi kifuani, kidole gumba juu ya kitufe.

"Ndugu waombolezaji," mama yake aliita, "naomba tukae."

Hakuna aliyeelewa kuna msiba wa nani. Lakini maneno yale yana nguvu zake, na kila mtu pale alikuwa ameyasikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Sufuria zilinyamaza kwa mafungu, mbele kwanza, kisha katikati, kisha kule nyuma kabisa. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wa mbele wakakaa chini kwenye vumbi, na waliokuwa nyuma yao wakaona haya kusimama, wakakaa pia. Vijana waliokuwa na mawe mfukoni walichuchumaa wakitazamana.

Eunike akasoma. Hakuwa na karatasi. Alisema msiba ni wa mume wake, Mwalimu Ezera, wa Mpwapwa, na kwamba ulikwisha anuliwa, ila hesabu yake haikuwa sawa, kwa hiyo anairudia. Akaanza na mapato, kama inavyotakiwa. Debe la mahindi kutoka kwa jirani. Sukari ya mama Loida. Mchango wa jumuiya, mchango wa kwaya, kuku wawili wa mjomba. Watu waliitikia kwa vichwa kila baada ya kipengele, kwa mazoea, kana kwamba walimjua huyo mjomba.

"Kutoka Benki ya Mhimili," alisema, "milioni arobaini."

Vichwa vikaacha kuitikia.

"Matumizi. Hospitali ya baba yenu, milioni nne. Turubai, milioni thelathini na sita. Turubai hizo hazikuwepo. Nilizilipia, na sikuzisema, na kwa kupitia kwangu pesa ya zambarau ikawa nyeupe. Ndiyo hesabu yangu."

Akainua mkono. Persida akafumba macho, akabonyeza.

Alipoyafumbua, bangili ya mama yake ilikuwa inawaka zambarau, angavu kuliko alivyotarajia, na rangi ilikuwa imemteremkia mpaka kwenye kiwiko. Wakati huo huo ramani ikajichora kwenye kila simu uwanjani. Mhimili, Eunike Chilongola, Kivuli Safi, Severini Mbunda. Watu waliinamia simu zao. Kisha mtu wa katikati akarusha chupa ya maji iliyojaa, ikampata mama juu ya nyusi, akayumba. Persida alipiga kelele akaenda mbele, lakini mama yake alimzuia kwa ule mkono unaowaka. Damu ilikuwa inamchuruzika jichoni. Hakuifuta.

"Mmeridhika?" aliuliza.

Ndilo swali la mwisho siku zote, na jibu lake siku zote ni moja. Safari hii halikuja. Wale vijana walikuwa wamesimama. Persida aliuona mkono wa mmoja ukiingia mfukoni.

Aliyevunja kimya ni mmoja wa kwaya, mama mnene aliyekuwa amekaa chini mbele kabisa. Alisema, bila kuinuka, kwamba turubai za msiba ule zilikuwa mbili, za kanisa lao, na alizifunga yeye na mumewe, na hawakulipwa hata soda. Akauliza huyo Severini Mbunda ni nani anayelipwa mamilioni kwa jasho la mume wake. Mtu akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Kisha mzee mmoja kutoka kundi lingine kabisa akasema kwao Kongwa walitozwa milioni arobaini na moja, na alidhani ni wao peke yao. Alisema hivyo kisha akaonekana kushangaa kwamba amesema.

Kijana yule akautoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu. Akavua fulana yake ya juu akampa mama afunge jeraha, huku akitazama pembeni.

*

Kiondo alikuja mbio, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kamati ya Bunge ilikuwa imeshaiona ramani, alisema, na mwanasheria wa Mhimili alikuwa ameshajibu: ni kosa la msiba mmoja, mtumishi mmoja atachukuliwa hatua, kura iendelee. Ilibaki chini ya saa moja. Mlango mmoja ulikuwa umeleta aibu, lakini haukuwa umeleta ushahidi wa mchezo mzima. Kwa mara ya kwanza Kiondo hakumwachia Persida uamuzi kama zawadi. Alimwambia kwamba akitaka kutumia ule ufunguo mkuu, jina lake yeye Kiondo litakuwa la kwanza chini ya amri hiyo.

Persida alimtazama mama yake, amekaa ukingoni, kichwa kimefungwa fulana ya mtu baki, wenzake wa kwaya wamemzunguka. Hapa kulikuwa na mtu wa kuwaketisha watu. Akifungua yote, huko Bahi na Itigi ni nani atakayewaketisha? Alitikisa kichwa. Ufunguo mkuu hakuugusa.

Hapo kishikwambi kikalia. Lilikuwa ombi la mfiwa, la yule mzee wa Kongwa aliyekaa pale pale uwanjani. Akamfungulia. Likaja la pili, la mama wa Bahi ambaye mwanawe alikuwa amemwonyesha picha za Eunike kwenye simu, naye alikuwa na mchungaji wake sebuleni. Persida aliwapigia wote kabla ya kufungua. Aliuliza kila mmoja yuko na nani, na kama hakuridhika na jibu aliwaambia wasubiri, wamwite mtu. Wengine walikasirika. Wakafika wanne, wakafika saba. Mbunda alionekana akitoka kwa gari la vioo vyeusi kupitia geti la nyuma, na watu hawakumkimbilia. Walisimama tu kando ya barabara wakimtazama mkono, uliong'aa zambarau hata nyuma ya kioo.

Ombi la nane lilitoka Manyoni, kwa mjane aitwaye Asteria. Alipokea simu mara moja, akiongea chini chini.

"Ni mimi mwenyewe niliyeomba," alisema. "Fungua."

"Uko na nani hapo, dada?"

"Peke yangu. Nje kuna vijana wanapita nyumba kwa nyumba, wanakagua mikono."

"Basi subiri wapite."

"Hawapiti hawa. Wameanza tangu jana. Milango mingapi mmeshafungua?"

"Saba."

"Inatosha?"

Persida aligeuka kumtazama Kiondo, aliyekuwa na kamati kwenye simu yake. Kiondo alifunika simu kwa kiganja, akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa na machozi. Persida alitaka kudanganya. Alikuwa na neno moja la kusema na mwanamke yule angelala salama, na pengine hakuna ambaye angekuja kumlaumu. Aliutafuta uongo huo mdomoni, lakini mama yake alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anawaka zambarau.

"Haitoshi," alisema.

 Alisikia kiti kikivutwa.

"Basi fungua," alisema Asteria. "Ila usikate simu."

Persida akabonyeza. Akaikandamiza simu sikioni kwa mikono miwili, na kwa mbali, kule Manyoni, akasikia mtu anabisha hodi.